Mwongozo kamili: kujenga utamaduni wa ubora katika timu ya wahandisi wa programu

Ujumbe ninaopokea mara nyingi zaidi kutoka kwa viongozi wa timu ndogo ni huu: tulikaa kikao, tukakubaliana kwamba hakuna msimbo (maandishi ya programu) utakaokwenda hewani bila majaribio na bila mtu wa pili kuupitia, kila mtu akaitikia, na baada ya wiki tatu tumerudi kulekule. Wateja ndio wanaotuambia mfumo umeharibika.

Nia ya watu hao huwa njema. Kikao huzaa ahadi tu, na ahadi huvunjika siku ya kwanza ya haraka. Kinachodumu ni mazoea ambayo ni rahisi kuyafuata kuliko kuyakwepa. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kuyajenga, kwa timu ya watu wanne hadi kumi na wawili. Mifano mingi inatoka kwenye mfumo wa kukusanya ada za shule kwa malipo ya simu niliofanyia kazi Dar es Salaam, maana ndiko nilikojifunza kwa maumivu.

Tengeni miezi mitatu. Na msiruke hatua: ya nne haisimami bila ya tatu.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hamjaanza

- Orodha ya hitilafu zote za miezi mitatu iliyopita, hata zile zilizoripotiwa kwa WhatsApp na kurekebishwa kimyakimya.
- Hazina ya msimbo ya Git (chombo kinachotunza kila badiliko la msimbo) mahali panaporuhusu kufunga tawi kuu, yaani toleo rasmi la msimbo wenu, kama GitHub au GitLab.
- Seva ya majaribio inayofanana na ile ya wateja, lakini isiyo na majina, namba wala salio la mteja halisi hata mmoja.
- Saa mbili kila wiki kwenye kalenda ya timu nzima, ambazo bosi amezikubali kwa maandishi.
- Mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusema "leo hatupandishi", yaani leo msimbo mpya hauendi kwenye seva ya wateja, bila kuomba ruhusa.
- Daftari moja la pamoja. Faili la kawaida linatosha, mradi kila mtu analiona na analiandika.

Kama saa mbili za wiki hazijakubaliwa, subirini kwanza zikubaliwe. Nimeona timu tatu zikianza bila saa hizo, na zote tatu zililipa kwa usingizi wa vijana wawili wenye bidii, mpaka vijana hao wakaacha kazi.

## Hatua ya 1: Anzeni na hitilafu zenu wenyewe

Kaeni meza moja na ile orodha. Kwa kila hitilafu jibuni maswali mawili tu: nani aliiona kwanza, sisi au mteja? Na ni wapi ingeweza kukamatwa mapema zaidi? Kisha zipangeni mafungu.

Tulipofanya hivyo, nilitegemea kila hitilafu iwe na kisa chake. Kumbe sehemu kubwa iliangukia mafungu matatu.

La kwanza lilikuwa namba za simu. Mzazi yuleyule aliandikwa kwa 0754, kwa 255754 na kwa +255754, na mfumo ukamhesabu watu watatu.

La pili lilikuwa saa. Seva ilitunza saa za UTC, yaani saa za kimataifa, ambazo ziko nyuma ya zetu kwa saa tatu. Kwa hiyo kila malipo yaliyofanyika kati ya saa sita usiku na saa tisa usiku yaliingia kwenye ripoti ya jana. Mhasibu wa shule moja alikuwa akifunga hesabu zisizolingana kila mwisho wa mwezi, na kwa muda mrefu aliamini kosa ni lake. Siku nilipomweleza alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama naweza kumweleza mkuu wake vilevile. Swali hilo sijalisahau.

La tatu lilikuwa malipo yanayoingia mara mbili. Nitalirudia kwenye hatua ya nne, maana linahitaji nafasi.

Sababu ya kuanzia hapa ni kwamba mtu hukubali kanuni iliyotoka kwenye kidonda chake mwenyewe. Ukimletea kanuni ya kampuni kubwa ya ng'ambo ataitikia kwa heshima, kisha aendelee na yake.

Tahadhari: kwenye orodha hiyo msiandike jina la aliyeandika msimbo. Jina likiingia, hitilafu zinazofuata zitafichwa.

Mmefaulu mkiona: kila mtu kwenye timu anaweza kutaja mafungu yenu matatu au manne bila kuangalia popote.

## Hatua ya 2: Andikeni maana ya "imekwisha"

Neno hili lina maana nyingi kuliko watu. Kwa mmoja, imekwisha maana yake inafanya kazi kwenye kompyuta yake. Kwa mwingine, imeshapanda kwenye seva. Bosi akisikia imekwisha, anampigia mteja simu.

Kubalianeni mistari mitano, si zaidi ya saba. Yetu ilikuwa hii:

1. Ina majaribio ya mashine (programu ndogo zinazoikagua zenyewe), pamoja na jaribio la njia ya kushindwa.
2. Mtu mwingine ameupitia msimbo.
3. Imekaa kwenye seva ya majaribio na aliyeomba kazi ameiona kwa macho yake.
4. Tunajua namna ya kuirudisha nyuma.
5. Ikiharibika, kuna kengele itakayotuamsha kabla mteja hajapiga simu.

Mstari wa kwanza una neno "njia ya kushindwa" kwa makusudi. Kwenye malipo ya simu, kushindwa ni sehemu ya kila siku: mzazi ameweka namba ya siri vibaya, salio halitoshi, mtandao umekatika katikati. Timu nyingi hujaribu njia ambayo kila kitu kinakwenda sawa, halafu hushangaa.

Mtajua ukurasa unafanya kazi pale mtu anaposema "imekwisha" na hakuna anayeuliza "imekwisha vipi?"

## Hatua ya 3: Fungeni tawi kuu, mlinzi awe mashine

Nendeni kwenye mipangilio ya hazina na mweke hivi: hakuna anayesukuma msimbo moja kwa moja kwenye tawi kuu, kila badiliko liombewe kuunganishwa, majaribio yote yapite kwanza, angalau mtu mmoja mwingine aidhinishe. Ondoeni pia ruhusa ya wasimamizi kupita pembeni. Kiongozi wa timu akiwa na ufunguo wake wa mlango wa nyuma, atautumia siku ya haraka, na kesho yake kila mtu atauomba.

Kazi hii inachukua nusu saa, lakini ndiyo inayobadilisha mambo kuliko hotuba yoyote. Kijana wa miezi miwili kazini hawezi kumwambia mkubwa wake "hapana, hujaweka majaribio". Mashine inaweza. Haina aibu na haimwogopi mtu. Kwetu, ambako heshima kwa mkubwa ni jambo zito, mlinzi wa namna hii huokoa pia uhusiano wa watu.

Anzeni na majaribio machache yanayomalizika ndani ya dakika kumi. Yakichukua dakika arobaini, watu wataanza kurundika mabadiliko mengi kwenye ombi moja ili wasubiri mara moja tu, na mapitio ya msimbo yatakufa.

Tahadhari kubwa: jaribio linalopita leo na kufeli kesho bila msimbo kubadilika ni sumu. Watu wakizoea kubonyeza "rudia" mpaka rangi ya kijani (limepita) itokee, rangi nyekundu (limefeli) imepoteza maana, na siku ya hitilafu ya kweli wataibonyezea vilevile. Jaribio la namna hiyo litengenezwe siku hiyohiyo, au liondolewe na kuandikwa kwenye daftari mpaka litengenezwe.

Mmefaulu mkiona: mtu mzito kuliko wote kwenye timu amezuiwa na mashine, amerekebisha, na hakuna aliyeshtuka.

## Hatua ya 4: Kila hitilafu ipate jaribio kabla ya marekebisho

Hapa ndipo timu nyingi hukwama, kwa hiyo nitaenda polepole.

Kanuni ni hii: hitilafu ikiripotiwa, usiguse msimbo unaoharibu. Kwanza andika jaribio linaloifanya hitilafu ileile itokee tena. Liendeshe, lione likiwa jekundu. Ndipo urekebishe, mpaka liwe la kijani.

Chukua yale malipo ya mara mbili. Mzazi akilipa, kampuni ya simu hutuma taarifa kwenye seva yako. Seva ikichelewa kujibu, taarifa ileile inaweza kutumwa tena. Mfumo wetu uliipokea ya pili kama malipo mapya. Januari shule zilipofunguliwa na wazazi wakalipa kwa wingi, seva ilielemewa, ikawa inachelewa kujibu, na wanafunzi kadhaa wakaonekana wamelipa ada mara mbili.

Marekebisho ya kwanza tuliyofanya yalikuwa ya haraka: kabla ya kuongeza salio, angalia kwenye hifadhidata kama kumbukumbu ya muamala huu (namba inayoutambulisha) ipo; kama ipo, acha. Tukapandisha usiku uleule. Kesho yake yakatokea tena.

Sababu yake ni hii. Taarifa mbili zilifika karibu kwa wakati mmoja na kushughulikiwa na michakato miwili tofauti. Wa kwanza ukaangalia, haukukuta kitu. Wa pili nao ukaangalia kabla wa kwanza haujaandika, haukukuta kitu. Yote miwili ikaongeza salio. Tungeandika jaribio kwanza, lingetuonyesha hilo tukiwa tumekaa mezani.

Jaribio tuliloandika hatimaye lilikuwa na jina refu: malipo_yenye_kumbukumbu_moja_yakija_pamoja_salio_linaongezeka_mara_moja. Lilituma taarifa ishirini zinazofanana kwa wakati mmoja, kisha likasoma salio. Likawa jekundu mara moja. Tiba ikawa kuipa hifadhidata yenyewe kazi ya ulinzi: safu ya kumbukumbu ya muamala ikawekewa sharti kwamba thamani haijirudii, na kuandika kumbukumbu na kuongeza salio vikafanywa ndani ya muamala mmoja wa hifadhidata, yaani vyote viwili vifanikiwe au vyote viwili visifanyike. Taarifa ya pili ikija, hifadhidata inaikataa na salio haliguswi. Jaribio likawa la kijani.

Jina refu lina faida yake. Mtu atakayekuja mwaka ujao na kufuta sharti lile akidhani halina kazi, atasoma jina la jaribio lililofeli na kuelewa bila kumtafuta mtu.

Kwa majaribio ya msimbo wa zamani, msijaribu kuurudia wote. Andikeni majaribio pale tu mnapogusa. Sehemu inayoguswa sana ndiyo inayoharibika sana, kwa hiyo baada ya miezi miwili mtakuta sehemu za hatari zimeshafunikwa.

Mmefaulu mkiona: hitilafu mpya zinaendelea kuja, maana zitakuja tu, lakini hakuna iliyorudi mara ya pili.

## Hatua ya 5: Mapitio ya msimbo yawe mazungumzo

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mhandisi anayekaa na kazi yake wiki mbili mpaka ikamilike ndipo aionyeshe, analeta mistari elfu mbili ambayo hakuna anayeweza kuisoma kwa makini. Msomaji atapitisha macho, ataandika "safi", na ataidhinisha.

Wekeni kikomo. Badiliko likizidi mistari mia mbili, ligawanywe. Ombi la mapitio lijibiwe ndani ya nusu siku ya kazi. Anayesubiri siku mbili hujifunza kutoomba.

Kisha fundisheni namna ya kusema. Maoni kama "hii mbaya" au "kwa nini umefanya hivi?" humfanya mtu ajitetee. Linganisha na maneno haya, ambayo yalifanyika kweli kwenye timu yetu kati ya dada aliyekuwa na miezi mitano kazini na kaka aliyekuwa mkubwa wetu kwa uzoefu:

"Kaka, hapa kiasi kimehifadhiwa kama namba ya nukta inayoelea (float). Tukijumlisha malipo madogo mengi, senti zitapotea kwenye kukadiria. Vipi tukitumia namba nzima?"

"Kweli dada, imenipita. Nabadilisha. Ahsante."

Dakika tano, basi. Mabadiliko ya mkubwa nayo yapitiwe na mdogo, tena mara kwa mara. Mdogo anajifunza kwa kusoma msimbo mzuri, na swali lake la "hii inafanya nini?" mara nyingi hufichua kwamba mwandishi mwenyewe hana jibu.

Tahadhari: mambo ya nafasi, mabano na mpangilio wa mistari yaachieni mashine. Kila maoni ya binadamu yanayohusu mabano yamechukua nafasi ya maoni yanayohusu pesa za mteja.

## Hatua ya 6: Pandisheni kidogokidogo, na mjue njia ya kurudi

Mwishoni mwa Julai 2012, kampuni ya biashara ya hisa ya Knight Capital ya Marekani ilipandisha msimbo mpya kwenye seva saba kati ya nane. Ya nane ilisahaulika, na Agosti 1 msimbo wa zamani ulioachwa humo miaka mingi uliamka kwa sababu swichi yake (alama ya kuuwasha au kuuzima) ilikuwa imepewa kazi mpya. Ndani ya dakika 45 hivi kampuni ilipoteza zaidi ya dola milioni 440. Hakukuwa na mtu wa pili aliyeipitia kazi ile ya kupandisha.

Julai 19, 2024, badiliko moja la CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta, liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 duniani. Lilikuwa limepelekwa kwa wote kwa mpigo, badala ya kuanza na wachache.

Kutoka hapo fanyeni mambo manne. Kupandisha kufanywe na amri moja ya mashine, si kwa mtu kunakili mafaili seva moja baada ya nyingine. Toleo lianze kwa wateja wachache. Sisi tulianza na shule mbili ambazo wahasibu wake walikubali kutusaidia. Msimbo usiotumika ufutwe, hata kama roho inauma. Na kurudi nyuma kufanyiwe mazoezi: mara moja kwa mwezi, mchana kweupe, rudisheni toleo la jana kwenye seva ya majaribio na mpime inachukua dakika ngapi.

Nakala za akiba nazo ni hivyohivyo. Januari 31, 2017, mhandisi wa GitLab alifuta kwa bahati mbaya data ya hifadhidata kuu. Walipozitafuta nakala za akiba, njia kadhaa walizozitegemea hazikuwa zikifanya kazi, na walipoteza data ya takriban saa sita. Nakala ambayo hujawahi kuirejesha usiihesabu kuwa nakala.

Mkiogopa kupandisha Ijumaa, chunguzeni hofu hiyo. Huwa inasema toleo ni kubwa mno au njia ya kurudi haijulikani. Mpaka mtibu hayo mawili, msipandishe Ijumaa.

## Hatua ya 7: Kikao cha hitilafu bila kutafuta mchawi

Hitilafu kubwa ikitokea, kaeni ndani ya siku tatu, kumbukumbu zikiwa bado mbichi. Andikeni mfuatano wa saa: nini kilionekana saa ngapi, nani alijua nini wakati ule. Kisha ulizeni: ni nini kilifanya uamuzi ule uonekane sahihi kwa aliyeufanya? Swali la "nani?" litakupeni jina, na kikao kitaishia hapo. Swali hili litakupeni mlango uliokuwa wazi.

Kiongozi aanze kwa kutaja sehemu yake. Kwenye kisa cha malipo ya mara mbili nilianza mimi: ndiye niliyesema tupandishe usiku uleule bila jaribio. Baada ya hapo kijana aliyeandika marekebisho alieleza, bila kuulizwa, kwamba alikuwa na wasiwasi kuhusu taarifa kufika pamoja lakini aliona muda haumruhusu kusema. Maneno hayo yalikuwa na thamani kuliko mchoro wowote wa mfumo.

Kikao kitoe kazi mbili au tatu, kila moja na mwenyewe na tarehe. Kumi hazitafanyika. Na "tuwe makini zaidi" si kazi. Iandikeni upya mpaka iwe kitu ambacho mtu anaweza kukionyesha.

Mmefaulu mkiona: mtu amesema "nimeharibu kitu" kwenye kundi la timu kabla ya mtu mwingine kugundua.

## Hatua ya 8: Pimeni vichache

Vinne vinatosha: mnapandisha mara ngapi kwa wiki, badiliko linachukua siku ngapi kutoka kuandikwa hadi kwenda hewani, ni matoleo mangapi kati ya kumi yanayolazimu marekebisho ya dharura, na mnachukua muda gani kuurudisha mfumo hewani ukianguka. Viandikeni daftarini kila mwezi.

Msimpime mtu kwa idadi ya hitilafu zake. Wala msiweke lengo la asilimia ya msimbo uliofunikwa na majaribio; nimeshaona majaribio mamia yaliyoandikwa kufikisha asilimia, na yasiyokagua jibu lolote.

## Hatua ya 9: Jiandaeni kwa siku ya haraka

Itakuja. Alhamisi saa kumi na moja jioni bosi atapiga simu: mteja mkubwa anataka kipengele kesho asubuhi. Hatua zote nane zitapimwa jioni hiyo, kwa hiyo jibu liandaliwe leo, bosi akiwepo.

Sisi tulikubaliana naye machaguo matatu. La kwanza, kupunguza kazi: ni sehemu gani ndogo ambayo mteja anaihitaji kweli kesho? Mara nyingi ni skrini moja au ripoti moja. La pili, kukiweka kipengele nyuma ya swichi, kiwashwe kwa mteja huyo peke yake. La tatu, msamaha: hatua fulani inarukwa, lakini kwa maandishi daftarini, ikitajwa ni hatua ipi, nani ameidhinisha, na italipwa lini, ndani ya siku tano za kazi. Jina la aliyeidhinisha liwe la bosi mwenyewe. Utashangaa ni haraka ngapi zinapoa mtu anapoombwa kuandika jina lake.

Jambo moja halisamehewi kamwe, nalo ni mtu wa pili kuupitia msimbo. Hata saa nane usiku, mpigie mwenzako.

Jumatatu asubuhi, kabla ya kazi yoyote mpya kuguswa, fungueni ukurasa wa misamaha na mlipe ule wa Alhamisi.